Chumba cha Mwisho cha Mtaa wa Saa Nane

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja ambaye kila mtu anamwita Redio, anadai alimwona shemeji yangu kwenye tamasha usiku wa kuamkia leo. Anasema hakuwa jukwaani kwenye muziki. Alikuwa kule nyuma, kwenye ule mtaa wa mbao tulioujenga sisi, ndani ya chumba cha mwisho, saa nane na kitu. Wenzake wako chini mtaani wanacheka na kupiga picha, yeye amesimama kule juu dirishani anapima upana wake kwa shibiri, taratibu, kama mtu anayetaka kulinunua. Halafu, anasema Redio, akaikunja ile ramani wanayopewa wageni, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Kifungo, mwanangu! Mtu hafungi kifungo kwa karatasi ya bure."

Redio huongeza chumvi. Mwaka jana alitutoa nje watu wazima kwa sababu chooni kuna nyoka mwenye masharubu, kumbe ni brashi ya rangi. Nilikuwa napiga pasi, nikataka kucheka, kicheko hakikuja.

"Mama, una hakika ni yeye?"

"Ana ile tembea yake, bega moja chini kama kabeba ndoo. Ni yeye, au ni pacha wake, na mama yake hakuzaa pacha." Akanusa. "Wewe mtoto, unaunguza nguo ya watu."

Kweli. Suruali ya mteja ilikuwa imeshapata alama ya pasi pajani.

Shemeji ni fundi wa kufuli. Nyumba aliyoishi na dada yangu ilikuwa na kufuli saba, mpaka kwenye kabati la unga, na funguo zote zilikaa kiunoni mwake. Si mtu wa kelele. Watu wanaomjua kwa sauti watakwambia ni mpole, na ni kweli sauti yake ni ya upole, hata siku aliyomvunja dada mkono alikuwa anaongea kwa sauti hiyo hiyo. Miezi minane iliyopita dada alitokea dirisha la bafu. Tulikwenda polisi na mkono umefungwa bandeji, tukaambiwa mambo ya ndani yamalizwe ndani. Tangu hapo anapoishi napajua mimi peke yangu. Mama yetu hajui, kwa sababu mama akiulizwa kwa upole husema.

Sasa huo mtaa wa mbao. Tamasha lina jukwaa kubwa, lakini spika zikizimwa saa sita watu hawataki kulala. Wenye tamasha wakamwajiri Mbunifu atengeneze mahali pa usiku wa manane. Yeye akakataa ukumbi wa kucheza. Alitaka hadithi ambayo mtu anaingia kwa miguu. Basi ndani ya ghala la zamani nyuma ya uwanja tukajenga mtaa mzima: duka, kinyozi, mashine ya kusaga, ngazi, milango saba. Wageni huingia kumi kumi, wanapewa ramani na kuambiwa neno moja tu: mwanamke wa nyumba ya kwanza ameondoka, sufuria yake bado iko motoni, mtafute. Muuza duka ana kipande cha habari, kinyozi ana kipande, wote ni waigizaji. Anayeunganisha vizuri anafika chumba cha mwisho, anatafuta ufunguo uliofichwa ndani ya birika nje ya mlango, anafungua, anamkuta mwanamke. Anaruhusiwa kumuuliza swali moja, naye lazima ajibu kweli. Akitoka nje anaamua mwenyewe, atawaambia wenzake au atanyamaza. Mbunifu alipouita Mtaa wa Saa Nane, Seremala alisema ni heri angeuita Mtaa wa Wasio na Kazi Kesho.

Mimi niliitwa kushona mapazia. Lakini Mbunifu alikuwa na neno lake, kila siku analirudia: "Kitu cha uongo kinanuka, mafundi. Na wageni wana pua." Alitupa maua ya plastiki. Alitupa meza mpya ya Seremala kwa sababu haikuwa na doa la chai, wakanuniana siku mbili. Mchana tukila alikuwa anakaa nasi juu ya mbao, anauliza. Siku moja akauliza, mwanamke aliyejificha, chumbani kwake kuna nini?

"Kuna giza," alisema Seremala, watu wakacheka.

Mimi nikasema, "Kuna kiatu. Hawezi kuvua vyote viwili. Kimoja kiko mguuni, mguu mwingine peku, kwa sababu peku unasikia ngazi ikitikisika kabla ya sikio."

Mbunifu akageuka akaniangalia. Akatoa daftari. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo chombo changu cha kuandikia kilikuwa chaki ya kuchorea kitambaa. Sijawahi kuona mtu mwenye shahada akiandika nilichosema. Utamu wake siwezi kuueleza. Nikaendelea. Nikasema kitanda kinawekwa juu ya matofali ili chini paonekane pote. Pazia linatiwa bitana nyeusi na pindo lake linawekewa vijiwe lisipeperuke. Anakaa kiti kikielekea mlango, lakini si mkabala, pembeni kidogo, ili mlango ukifunguka umfiche.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimewaza tu."

Ulimi hauna mfupa. Lakini hilo peke yake lisingekuwa kitu, wanawake wanaojificha ni wengi na wanakaa hivyo hivyo. Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Mimi sikati nguo ya kubuni. Ukitaka gauni, niletee gauni, nitalilaza juu ya kitambaa na kufuata ukingo wake kwa chaki. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo mkono wangu ulivyo. Kwa hiyo Mbunifu aliponitandazia karatasi la kaki na kusema, "Wewe una jicho, nichoree mtaa wowote ambao mtu kama huyo angejificha," mimi mtaa wowote siujui. Mkono ukafuata mtaa mmoja. Kinyozi mwenye kioo chenye ufa. Mashine ya kusaga. Duka la mlango wa bluu. Ngazi ya chuma ya nje, vidato kumi na tatu, cha tano kimelegea. Jina sikuandika. Nilidhani mtaa usio na jina ni kama gauni lisilo na mwenyewe, linaweza kumwenea yeyote.

Seremala akaujenga kama ulivyo, mpaka kidato cha tano akakilegeza. Mbunifu akaipeleka michoro yangu kwa mpiga chapa, ikawa ramani. Usiku wa kwanza niliona mtaa wa dada yangu mikononi mwa watu mia, wanaukunja, wanajipepea nao. Nikajiambia nani ataujua?

Redio alipoondoka nilifunga duka, nikaenda ghalani kwa miguu. Mchana mahali pale panatisha kuliko usiku. Taa za rangi zimezimwa, unaona misumari. Nikapanda ile ngazi. Mlango wa mwisho ulikuwa umeshindikwa, kufuli limening'inia wazi. Nikafungua birika la pale nje ya mlango. Ufunguo ulikuwa bado umo ndani, umefungwa na uzi mwekundu nilioufunga mimi mwenyewe jana jioni, fundo halijaguswa.

Nilikaa chini.

Mwigizaji anayecheza yule mwanamke alikuwa nyuma, miguu ndani ya beseni la maji, macho yamevimba kwa usingizi. Ni msichana mcheshi, ananiita shoga tangu siku ya kwanza.

"Shoga, jana ufunguo hakuna aliyeuona," nikamwambia. "Nani alifungua?"

"Hee, afadhali umekuja. Kuna baba mmoja huyo, nikasikia kufuli linafanya kri, kri, nikadhani panya. Kumbe ana waya. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Mimi nikaanza maneno yangu, 'Umenipataje?' Akaniambia nyamaza kwanza. Hivyo hivyo, kwa adabu. Akazunguka chumba. Akashika dirisha. Akashika pazia, akaligeuza pindo, akaliangalia wee, mpaka nikasema huyu naye ni fundi cherehani."

Pindo langu nalikunja mara mbili, na kila baada ya mishono mitatu narudisha uzi mmoja nyuma. Shati alilooa nalo shemeji nililishona mimi.

"Halafu?"

"Halafu akauliza swali lake. Watu wote huuliza kwa nini uliondoka, au una mpenzi. Yeye akauliza, 'Nani amekufundisha kukaa hivyo?'"

"Ukamjibu?"

Akatoa mguu majini. Sasa usingizi ulikuwa umemtoka. "Sheria si inasema lazima nijibu kweli? Nikasema, fundi wa mapazia. Shoga, nimekosa? Akacheka. Akasema, 'Mwambie fundi wa mapazia nitarudi kesho saa hizi hizi. Mwambie sina haraka.' Nikajua ni rafiki yako, anakutania."

Sikuweza kumkasirikia. Nani aliyemfundisha kukaa hivyo?

Nilitaka kukimbia moja kwa moja mpaka kwa dada. Nilishafika lango la ghala, nikasimama. Mtu aliye na ramani bila jina la mtaa ana mji mzima wa kutafuta. Lakini mtu anayenifuata mimi hana haja ya ramani. Ndiyo maana aliacha salamu. Alitaka niogope, nitimue mbio, nimtangulie. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na watu wamekaa kivulini, wengine wamefunika nyuso kwa kofia. Nilihesabu mabega. Nikarudi ndani. Simu ya dada huwa imezimwa, anaiwasha Jumapili tu. Leo ni Jumamosi.

Nikawaeleza Mbunifu na Seremala. Niliongea nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama niko mbele ya mwalimu. Mbunifu akakaa juu ya kopo la rangi ambalo halikuwa na mfuniko, hata hakuhisi.

"Kwa nini hukuniambia ni wa kweli?" akauliza.

"Ulisema cha uongo kinanuka."

Akafunika uso. Akasema atafunga mtaa usiku huu, atawaambia wenye tamasha umeme umeharibika.

"Ukifunga atakuwa wapi?" nikamuuliza. "Sasa hivi sijui yuko wapi. Saa nane najua atakuwa wapi. Ni saa moja tu katika siku nzima ambayo najua alipo."

Seremala alikuwa anakwangua gundi vidoleni. "Fundi anasema kweli," alisema. "Panya huwezi kumkimbiza chumba kizima. Unangoja akae kwenye mkate."

Tukamwita Mwigizaji, tukapanga. Mimi nitakaa chumba cha mwisho mahali pa Mwigizaji. Seremala atakaa mlango wa kuingilia, akimwona mtu wa bega moja chini atapiga nyundo mara tatu kwenye ubao, na gari la kubebea mbao litaondoka mlango wa nyuma na Mwigizaji ndani yake. Nusu saa mpaka kwa dada, robo saa kufungasha, halafu barabara kuu mpaka kwa shangazi yake Mwigizaji, mji mwingine kabisa, nyumba ambayo hata mimi nilikataa kuambiwa iko wapi. Nilihitaji kumweka shemeji kitini saa moja.

"Atanifungulia vipi na hanijui?" akauliza Mwigizaji. Nikavua subana yangu, kile kikofia cha chuma cha kidole cha kushonea, chenye alama za meno ya dada tangu tukiwa wadogo. "Ipitishe chini ya mlango. Usibishe hodi."

Akaivaa kidoleni, ikampwaya. Hakutania tena siku ile.

Ikaanza saa sita. Nilivaa gauni lake, mtandio usoni, taa ndogo ya kandili miguuni. Nilikuwa nimekitengeneza chumba kile kwa mikono yangu na sikuwahi kukaa kitini. Ukikaa ndipo unajua. Ukuta ni mbao nyembamba, unasikia kila kitu. Watu wanacheka, mtu anamwita mwenzake, "Njoo huku, kinyozi anasema alipita na mfuko!" Wengine wanakimbia. Wanamtafuta dada yangu kwa vicheko. Kundi la kwanza likaingia, msichana mmoja akaniuliza, "Dada, unaogopa?" Nikasema ndiyo. Akawaambia wenzake, "Huyu anajua kuigiza jamani."

Kidato cha tano kikalia. Si yeye. Kikalia tena. Si yeye. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni hadi kwenye kiti. Mguu wangu wa peku ulikuwa umekufa ganzi nikaogopa hautasikia chochote.

Nyundo ilipiga mara tatu.

Baadaye kidogo, vidato. Vinne vya kwanza pole pole, halafu kimya, akaruka cha tano. Hakukikanyaga. Kri, kri. Mlango ukafunguka ukanifunika, kama nilivyosema utanifunika, na yeye akaufunga bila kutazama nyuma yake, kwa kuwa alijua nipo.

"Hujambo, shemeji."

Akavuta kigoda, akakaa kati yangu na mlango. Alikuwa amevaa shati safi. Viatu vilikuwa na vumbi mpaka kwenye kamba. Akatoa ramani mfukoni, akaitandaza juu ya goti na kuilainisha kwa kiganja.

"Kazi nzuri. Leo nimezunguka mitaa mitano. Vinyozi wenye vioo vyenye ufa ni wengi kuliko unavyodhani." Akatabasamu. "Lakini ngazi ya chuma ya nje, hizo si nyingi. Kesho nitamaliza upande wa pili wa reli."

Upande wa pili wa reli. Nilibana meno ili uso wangu usifanye kitu. Niliangalia ile kandili na kuanza kuhesabu mishono kichwani, mitatu mbele, mmoja nyuma.

"Vua mtandio basi. Mimi ni mgeni hapa?"

Sikuvua.

"Sheria inasema swali moja na lazima ujibu. Imeandikwa nyuma ya ramani." Akaigeuza kunionyesha. "Lakini sitaliharibu. Nina subira, shemeji, unanijua. Wewe pia una subira. Dada yako ndiye hana, ndiyo maana alitokea dirishani na mlango upo."

Nyuma ya ukuta Mbunifu alikuwa amejificha na redio ya mkononi, kuita walinzi ikibidi. Nilimsikia akipumua. Si mimi tu.

"Mwambie huyo nyuma ya ubao apumue vizuri," alisema shemeji. "Sina neno naye."

Tukakaa. Nje mtu alijaribu mlango, sauti ya Seremala, aliyekuwa amemfuata shemeji mpaka ngazini, ikasema chumba kimejaa, nendeni kwa kinyozi mkamuulize tena. Sikuwa na saa. Kipimo changu kilikuwa mafuta ya kandili, na mafuta yalikuwa yamepungua kama upana wa kidole. Gari litakuwa limevuka reli. Au halijawaka, maana lile gari linasukumwa. Au dada ameiona subana chini ya mlango na amedhani ni mtego, amekaa pembeni ya mlango vile vile kama mimi, kiatu kimoja mguuni, hafungui.

Alikuwa ananiangalia mikono. Nikaikalia.

Akaongea tena, na sauti ikawa nyingine. Ilikuwa imechoka. "Shemeji, mama yangu anaumwa. Sijaja na hila. Wiki ya tatu sasa hali chakula, anamtaja dada yako kuliko anavyonitaja mimi. Unajua walivyokuwa."

Najua walivyokuwa. Mama yake ndiye aliyekuwa anampa dada chakula kwa kupitia dirisha zile siku za kufuli. Dada bado anamwita mama. Na uso wa shemeji, nilipouangalia kwa chini ya mtandio, ulikuwa na machozi ya kweli. Nimeona machozi yake ya kweli mara nyingine, hospitalini, akimshika dada ule mkono mzima.

Huenda ni kweli mama anaumwa. Nikisema "nitamwambia," nimesema ninaonana naye. Nikisema "siwezi," nimesema najua alipo. Hata nikiuliza anaumwa nini, nitakuwa nimefungua. Maneno yote niliyokuwa nayo niliyatoa miezi miwili iliyopita, mbele ya daftari la mtu, kwa sababu ya utamu wa kuandikwa.

Mafuta yalishuka kidogo tena. Kila alipokuwa anangoja jibu, alikuwa amekaa hapa, si kule.

Akasogeza kigoda. Magoti yake yakakaribia yangu. Akainama ili aone macho yangu ndani ya mtandio, akaweka ramani juu ya mapaja yangu, akaishikilia kwa vidole viwili.

"Hilo swali langu nalisamehe," alisema. "Sikuulizi yuko wapi. Naomba kitu kimoja tu. Mwambie aje amwone mama mara moja. Mimi nitakaa nje ya uzio, hata asinione. Mara moja tu, kabla hajafa. Utamwambia?"

Nilihesabu. Mitatu mbele, mmoja nyuma.

"Shemeji. Nakuomba. Utamwambia?"

Nikaangalia mafuta ya kandili, saa ilikuwa bado haijatimia. Nikaanza kuhesabu upya.